Fidia isiyoliona ziwa

Serikali imeamua kwamba Kata ya Nyatwali iondoke. Wakazi wa mitaa ya Nyatwali, Tamau, Kariakoo na Serengeti, katika Halmashauri ya Mji wa Bunda mkoani Mara, wanatakiwa kupisha ili Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ifike hadi ukingo wa Ziwa Viktoria, kwenye Ghuba ya Speke. Jambo hili limepita kwa mawaziri, likashuka mkoani na wilayani, wathamini wakaja, na mjadala wa malipo ukafuata. Kila kiongozi anayelizungumzia hutoa ahadi ileile: hakuna atakayeondoka bila fidia.

Ahadi hiyo ndiyo inayonikera. Inatolewa kana kwamba imemaliza mambo, nayo imeyaficha. Kwa miaka kadhaa mabishano yote kuhusu Nyatwali yamekuwa juu ya bei ya ekari: wananchi wanasema ni ndogo, Serikali inasema imefuata sheria. Mimi nasema hata bei hiyo ikipandishwa mara tatu, dhuluma itabaki palepale, kwa sababu watu wa Nyatwali hawaishi kwa ekari peke yake. Wanaishi kwa ziwa, na ziwa halimo katika fomu ya uthamini.

Tuanze na mahali penyewe, maana wengi wanaopazungumzia hawajawahi kupaona. Ukitoka Lamadi kuelekea Bunda kwa barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti unalikuta upande wa kulia. Kushoto nchi inateremka polepole hadi majini, na huko ndiko Nyatwali. Kwa karatasi ni mji, una mitaa na wenyeviti wa mitaa. Kwa macho ni shamba na ufukwe: mihogo, mahindi, mtama na pamba, ng'ombe na mbuzi wanaoteremka kunywa maji, bustani za nyanya na vitunguu zinazomwagiliwa kwa pampu kutoka ziwani, na mitumbwi iliyovutwa mchangani. Wenyeji wa pande hizi ni Wasizaki na Waikizu. Wamekuja Wajita na Wakerewe kwa njia ya maji, Wasukuma kwa njia ya malisho na plau, Wakurya na Waluo kwa njia ya biashara na ndoa. Wameoana, wamezikana, na watoto wao husikia lugha tatu nne kabla ya kufika darasa la kwanza.

Kazi ya ufukweni huendeshwa na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza: taa huwashwa juu ya maji, dagaa hukusanyika kwenye mwanga, wavu hushushwa na kuvutwa kwa mikono ya vijana ambao asubuhi watalala huku wenzao wakienda shambani. Alfajiri mitumbwi ikigusa mchanga, akina mama wako pale na ndoo. Dagaa hupimwa kwa ndoo, humwagwa juani, hutandazwa kwa viganja hadi kila mmoja aguse jua, kisha hugeuzwa na kufagiliwa pamoja jioni. Mvua ya ghafla ya saa nane mchana huozesha mtaji wa mtu mbele ya macho yake. Mbalamwezi ikianza, mitumbwi hupumzika, na hizo ndizo siku za kushona nyavu, kupalilia, kusuluhisha ugomvi na kuoza mabinti. Zaidi ya dagaa wapo sangara kwa wenye nyavu kubwa na ndoano, na sato kwa anayejua miamba na matete yalipo.

Mvuvi wa Nyatwali, kwa hiyo, ni mkulima pia, na mara nyingi ni mfugaji. Shamba hulisha nyumba pale mvua inaponyesha. Isiponyesha, na ukanda huu wa ghuba una ukame wa mara kwa mara, ziwa ndilo hununua unga. Mvua ikinyesha vizuri bado kuna tembo. Wakazi wa hapa wanalala macho wakipiga madebe kulinda mihogo, na wamezika watu waliouawa na viboko na mamba. Chini ya kanuni za mwaka 2011 familia ya aliyeuawa na mnyama ilistahili kifuta machozi cha shilingi milioni moja. Watu hawa wameishi na wanyamapori kwa gharama ambayo wapenzi wengi wa wanyamapori hawajawahi kuilipa.

Naandika haya kutoka Wilaya ya Serengeti, upande wa Ikoma, na nina sababu ya kujitia katika mambo ya Bunda. Mto Grumeti unaopita kwetu ndio unaomwaga maji yake katika ghuba hiyohiyo, na yanayowapata Nyatwali leo yalianza kutupata sisi zamani. Waikoma, Wanata na Waisenye walilima, waliwinda, walirina asali na kuzika wazee wao katika nchi ambayo mwaka 1951 ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Miaka ya 1970 vikaja vijiji vya Ujamaa na watu wakasogezwa tena. Mwaka 1994 yakatangazwa Mapori ya Akiba ya Ikorongo na Grumeti, na mpaka ukakaribia zaidi milango yetu. Kila hatua ilikuwa na maelezo yake ya kitaifa. Lakini angalieni kilichopotea. Nyumba za miti na udongo zilijengwa upya kwa msimu mmoja. Kisichojengwa upya ni msitu wa mawindo, machimbo ya chumvi, malisho ya kiangazi na njia za kuyafikia. Hivyo havikuwa mali ya mtu mmoja mmoja, havikuwa na hati, na kwa macho ya wenye karatasi havikuwa vya mtu. Mwanamume aliyekuwa fundi wa porini akageuka jangili, bila kuhama kazi wala mahali.

Nitayataja ya upande wa pili, kwa kuwa yapo. Wahifadhi wanasema Mto Mara ndio mto pekee ndani ya mfumo wa ikolojia wa Serengeti unaotegemewa kuwa na maji mwaka mzima, kwamba misitu ya Mau kule Kenya imekatwa na maji yanapungua, na kwamba ukame mkali ukija nyumbu na wenzake watahitaji njia ya kufika ziwani. Hoja ina uzito. Wanasema pia kuwa wapo wakazi wa Nyatwali waliochoshwa na tembo na walio tayari kuondoka. Ni kweli, wapo, na wamelisema hilo hadharani, ilimradi walipwe wanachostahili. Na wanasema utalii unaliingizia Taifa fedha za kigeni, jambo ambalo halibishaniwi. Sijaona tu anayeeleza vizuri wanyama hao watavukaje barabara kuu inayopita kati ya hifadhi na ziwa, yenye mabasi na malori usiku na mchana, ambayo haitahamishwa na yeyote.

Basi tuseme hoja ya wahifadhi imeshinda. Tuseme ghuba inahitajika kwa ajili ya wanyama na vizazi vijavyo. Bado swali la haki liko palepale: anayeondolewa anaondolewa kwenye nini, na analipwa nini?

Majibu yako katika kanuni za mwaka 2001 za uthamini wa ardhi kwa ajili ya fidia, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Anayehamishwa hulipwa thamani ya ardhi kwa bei ya soko na thamani ya maendelezo, yaani nyumba, mazao na miti. Huongezewa posho ya usumbufu, inayokokotolewa kwa riba ambayo benki hutoa kwa amana ya miezi 12. Hupewa posho ya usafiri, nayo ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa kilometa 20. Hupewa posho ya makazi, kodi ya mwezi mara 36. Na mwisho ipo hasara ya faida: faida halisi ya mwezi ya biashara inayofanyika kwenye ardhi hiyo, ikithibitishwa na hesabu zilizokaguliwa pale inapohitajika, mara 36 vilevile.

Biashara inayofanyika kwenye ardhi hiyo. Hapo ndipo Nyatwali inapoangukia. Mwenye nyumba ya wageni anayo biashara juu ya ardhi. Mwenye mashine ya kusaga anayo. Mwenye duka anayo, na akiwa na vitabu vizuri atadai miezi yake 36 na hakuna wa kumbishia. Mvuvi biashara yake iko juu ya maji, maili kadhaa kutoka kiwanja alichopimiwa. Mthamini akifika kwake anapiga picha nyumba ya vyumba viwili, anahesabu miembe mitatu, anapima robo ekari ya mihogo, anamsainisha. Mtumbwi hauandikwi, kwa kuwa ni chombo kinachohamishika. Nyavu haziandikwi. Mwalo, yaani ufukwe wa kuegesha mitumbwi na kushusha samaki, hauandikwi kwake, kwa kuwa si wake peke yake. Ujuzi wa kujua mkondo, upepo wa usiku na mahali samaki wanapotaga, alioupata kwa baba yake tangu ana miaka kumi, hauna pa kuandikwa kabisa. Hesabu zilizokaguliwa atazitoa wapi mtu ambaye mapato ya usiku hugawanywa asubuhi palepale mchangani, sehemu ya tajiri mwenye chombo, sehemu ya mafuta na sehemu ya vibarua?

Mthamini hakosei. Anafuata kanuni, na kanuni zimemfundisha kutazama chini tu. Kwa kanuni hizo mtu mwenye ekari kumi za vichaka asiyewahi kukanyaga mtumbwi anakuwa tajiri wa Nyatwali, na mvuvi anayesomesha watoto wanne kwa dagaa, akiwa na kiwanja cha hatua thelathini kwa arobaini, anakuwa maskini anayelipwa vijisenti. Wapo pia wasioonekana hata kidogo. Kijana anayevuta wavu wa tajiri na kulala chumba cha kupanga hana ardhi, kwa hiyo hana jina kwenye daftari. Mama anayenunua dagaa wabichi, anayeanika na kuwapeleka Bunda au Lamadi hana ardhi. Ana mchanga wa ufukweni anaouazima kila asubuhi kwa idhini ya jirani zake. Mwalo ukifungwa, hawa hawahamishwi kwa lugha ya sheria, kwa sababu hawakuwahi kuwepo kwa lugha hiyo. Wanapoteza kila kitu na hawadai chochote.

Nitaambiwa kuwa uvuvi hauwezi kuthaminiwa, kwamba mapato ya ziwani hayajulikani, kwamba kila mtu atajiita mvuvi siku ya kulipwa. Hapa uvumilivu wangu unakwisha. Serikali hii inamjua mvuvi vizuri sana. Inamkatia leseni ya uvuvi kila mwaka chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003. Inasajili chombo chake na kukipa namba, inayopakwa rangi ubavuni mwa mtumbwi isomeke kutoka mbali. Inatoza ushuru wa mazao ya uvuvi, na mkusanyaji anasimama mwaloni na mashine ya POS akitoa risiti. Imeunda vikundi vya ulinzi wa rasilimali, BMU, ambavyo kazi yao mojawapo ni kuandika kilichovuliwa na waliovua. Ina ofisa uvuvi anayekuja na doria kukamata makokoro na nyavu haramu, na doria hiyo haijawahi kushindwa kumtambua mvuvi. Iweje mtu ajulikane kwa jina na namba ya chombo siku ya kutozwa, kisha asijulikane siku ya kulipwa? Daftari ni lilelile. Ofisi ni ileile. Kinachokosekana ni nia ya kulifungua.

Wapo watakaosema mvuvi apeleke mtumbwi wake kwingine, ziwa ni kubwa. Ni kweli, ziwa lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, na ukubwa huo hauna maana yoyote kwa mtu asiye na mahali pa kutia nanga. Mwalo una watu wake, una kamati, una nafasi za kuegesha na kuanika zinazojulikana ni za nani. Mgeni hupokelewa akiletwa na mwenyeji, mmoja mmoja, si kata nzima kwa mkupuo. Maelfu ya watu wakitoka kwa pamoja na fedha mkononi kutafuta kiwanja karibu na maji, bei ya ardhi ya ufukweni itapanda siku hiyohiyo, na fidia iliyokokotolewa kwa bei ya zamani haitafua dafu. Wengi wataishia bara, nyuma ya Bunda mjini, wakiwa na nyumba ya bati nzuri kuliko ile waliyoiacha na bila kazi wanayoijua. Kanuni zimewahesabia kilometa 20 za lori. Mvuvi aliyewekwa kilometa 20 kutoka majini ameachishwa kazi.

Wala tusijidanganye kwamba wataruhusiwa kurudi kuvua mbele ya kata yao ya zamani. Tunao mfano ziwani humuhumu. Kisiwa cha Rubondo kilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977, na wavuvi wa upande wa Geita na Chato wanajua kinachompata anayekutwa kwenye maji ya hifadhi. Ukingo wa Nyatwali ukiwa hifadhi, kuvuta mtumbwi mchangani pale, hata kwa kukimbia dhoruba, litakuwa kosa. Kama ilivyokuwa kwetu Ikoma, watu watafanya kazi ileile waliyofundishwa na wazazi wao, mahali palepale, na wataitwa wahalifu.

Lipo jingine linalozidisha uchungu, nalo ni hadhi ya mji. Laiti Nyatwali ingekuwa kijiji chenye ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ingeupa mkutano mkuu wa kijiji nafasi ya kutoa mapendekezo kabla ardhi yake haijahaulishwa. Waziri angeweza kuyakataa kwa eneo kubwa, lakini angelazimika kuyasikia. Mkutano wa mtaa hauna nafasi hiyo. Watu wamepewa jina la wakazi wa mji bila lami, bila maji ya bomba ya uhakika, na jina hilo likawanyang'anya kinga chache ambazo wakulima wa vijijini wanazo. Halmashauri ya Mji ndiyo ilipaswa kusimama kati yao na uamuzi huu. Sijaisikia ikisimama kudai hasara ya faida kwa mvuvi wake hata mmoja, ingawa bajeti yake imekula ushuru wa samaki kila mwaka.

Na isisemwe kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kuwapa wanyama nafasi. Hapa kwetu ipo Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona, iliyoanza mwaka 2003 kwa vijiji vitano, Robanda kikiwemo. Ina kasoro zake, hasa katika mgawo wa mapato, na nimezisema mara nyingi. Hata hivyo ardhi imebaki ya vijiji, tembo anapita, mtalii analipa, na mtu wa Robanda bado analala Robanda. Mwaka 2019 Serikali yenyewe ilipopitia vijiji 975 vilivyokuwa na migogoro ya mipaka, iliamua 920 vibaki. Kumbe inaweza kulegeza mpaka inapotaka. Kwa Nyatwali haikutaka, na kwa kuwa haikutaka, ilikuwa na wajibu mkubwa zaidi wa kuhesabu kwa uangalifu kile inachokichukua.

Kanuni za fidia hutungwa na Waziri mwenye dhamana ya ardhi. Kuongeza humo kipengele cha kazi inayofanyika kwenye maji, au kwenye malisho na misitu ya pamoja, hakuhitaji muswada wala kikao cha Bunge. Kunahitaji sahihi na tangazo katika Gazeti la Serikali. Uthibitisho wa mapato usiwe hesabu zilizokaguliwa tu. Leseni, namba ya chombo, risiti za ushuru na vitabu vya BMU vikubaliwe, na wasio na vyombo, vibarua na wachuuzi wa dagaa, wathibitishwe na mwalo wenyewe mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kabla ya mtu kuondoka, Halmashauri itenge mwalo mwingine ndani ya ghuba kwa ajili ya watu wa kata hii, uwe na nafasi ya kuegesha na ya kuanika, ukubaliwe na wenyeji wake kwa mkutano.

Waliokwisha kusaini na kupokea wasiachwe kwa kisingizio kwamba walikubali. Walikubali bei ya nyumba na shamba, kwa sababu hicho ndicho walichoulizwa. Nchi hii ina utaratibu wa kulipa mapunjo, na umetumika kwa waliopisha barabara na migodi pale ilipobainika kuwa hesabu ya kwanza ilikuwa pungufu. Orodha ya leseni za uvuvi za Nyatwali iko ofisini Bunda. Ichukuliwe, ilinganishwe na orodha ya waliolipwa, na kila jina lililo katika ya kwanza lizidishiwe miezi yake 36.